Maneno ya Katibu wa Tawi kwenye mkutano wa dharura: risasi tatu za pale standi



Haya ni maneno yaliyotolewa na ofisi ya katibu kwenye mkutano wa dharura wa tawi, Jumapili iliyopita. Tunayatuma kwa njia hii kwa sababu mbili. Wengi wenu mlikuwa kazini, msibani au kwenye ibada. Na tangu Jumapili jioni zinazunguka sauti mbili zilizorekodiwa kwa simu, moja imekatwa katikati, ikisikika kana kwamba tumemwita mwanachama mwenzetu mhalifu. Hatukusema hivyo. Tunaomba msome mpaka mwisho, halafu ndipo mtugombeze. Na kuna jambo moja huko chini linalohitaji jibu lenu kabla ya Jumamosi.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu na vijana,

Tuanze na tukio lenyewe, maana kila mmoja hapa analo la kwake. Ijumaa ya wiki iliyopita, saa 12 na robo jioni, mweka hazina wetu alitoka ofisi ya tawi kwenda kwa wakala karibu na standi kuweka fedha. Kwenye mkoba kulikuwa na Sh 1,864,000: ada Sh 512,000 na michango ya paa Sh 1,352,000. Pembeni yake alitembea mwenzetu mwenye leseni ya bastola. Walipofika kwenye kona ya wauza viatu vya mitumba, pikipiki yenye watu wawili ikawazuia njia. Wa nyuma akashuka na panga, akashika mkoba. Mama akaung'ang'ania. Panga likanyanyuliwa. Mwenzetu akatoa bastola, akafyatua mara tatu. Wale wawili wakarukia pikipiki yao wakapotea. Mkoba ukabaki mikononi mwa mama. Tangu pikipiki isimame mpaka iondoke, waliokuwepo wanasema usingemaliza kuhesabu mpaka kumi.

Risasi ya kwanza imekutwa kwenye mbao ya meza ya viatu. Ya pili ilipita bati la banda la mama lishe, ikatokea upande wa pili, ikamwingia juu ya goti binti wa miaka 14 aliyekuwa ametumwa sukari. Ya tatu haijaonekana.

Sisi wa ofisi hii tulisomea stashahada ya uhasibu. Hatukusomea sheria wala silaha. Tumezoea kwamba kitu kikikosekana kwenye daftari, unarudi nyuma ukurasa kwa ukurasa mpaka kionekane. Risasi hiyo ya tatu vijana wameitafuta Jumamosi nzima. Wamepekua ukuta wa choo cha standi, mtaro, matairi ya magari yaliyokuwa yameegeshwa. Hakuna. Na upande ilikoelekea ndiko kilipo kituo cha daladala, saa ile watu wamejaa wanagombania kurudi nyumbani. Risasi ya bastola isipozuiwa na kitu inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja. Imeishia mahali fulani. Kwamba haikuishia kwa mtu, sisi hatukufanya lolote lililosababisha iwe hivyo.

Kuna wa pili ambaye hatajwi kwenye hizo sauti zinazozunguka. Milio iliposikika, kijana wa bodaboda aliyekuwa anasubiri abiria aliwasha pikipiki akakimbia kama mtu yeyote mwenye akili angekimbia. Watu wakasema yule, yule ndiye. Wakamkamata kwenye kona ya pili. Mpaka mwenyekiti wa serikali ya mtaa anafika, kijana ameng'olewa meno mawili, na pikipiki yake ya mkataba haina taa wala vioo. Hakuwa na panga, hakuwa na abiria, hakujua hata kilichotokea. Tumekwenda kumwona. Alituuliza swali moja tu, kwamba nani atamlipia hesabu ya tajiri wake wiki hii.

Jalada la tukio liko polisi. Tawi halitaingilia wala kulisemea, na hatutataja jina la mtu. Tunachozungumza hapa ni cha kwetu sisi wenyewe.

Kabla hatujafika kwetu, mama mweka hazina aliomba aseme, na tunarudia alichosema kwa sababu ni haki yake. Alisema: "Mnazungumza kama vile mimi sikuwepo. Mimi nililiona panga. Bila yeye mngekuwa mnachangia jeneza." Alisema hivyo akakaa, na kwa muda hapakuwa na mtu aliyetaka kushika kipaza sauti.

Hatuna jibu la kumpinga mama. Atakayemwambia kwamba angeuachia tu ule mkoba, ajue kwamba aliung'ang'ania kwa sababu ni fedha zetu, na mwaka juzi tulimsumbua mwezi mzima kwa upungufu wa Sh 40,000. Hofu yake ya kupoteza mkoba sisi ndio tuliompa.

Sasa yaliyosemwa baada ya hapo. Kuna pendekezo lililoungwa mkono na wengi, kwamba mwenzetu apewe cheti cha ushujaa, kwamba wanachama wenye uwezo wahimizwe kuomba leseni, na kwamba kuanzia sasa mpaka kampeni zimalizike tuwe na kikundi chetu cha watu wenye silaha halali cha kusindikiza fedha na kukaa kwenye mikutano ya hadhara. Tulisema pale pale kwamba ofisi hii inapinga, na tunaandika hapa kwa nini.

Kijana mmoja alitaja Westgate. Aliitaja vizuri, akapigiwa makofi, kwa hiyo na jibu lake tulitoe vizuri. Tarehe 21 Septemba 2013 magaidi waliingia kwenye lile jengo la maduka la Nairobi na kuua watu 67. Kabla vikosi vikubwa havijajipanga, raia wachache wenye bastola za leseni waliingia ndani pamoja na askari wachache, wakapita duka kwa duka wakiwatoa watu waliojificha. Mmoja wao, Abdul Haji, baadaye alikuja kuwa seneta wa Garissa. Picha ya mtoto wa kike akikimbia kumwelekea ilionekana dunia nzima. Hakuna mwenye haki ya kusema wale watu wangebaki nje.

Lakini tuisome habari yote. Magaidi wa Westgate hawakuja kuchukua mkoba, walikuja kuua kila waliyemwona, na wale raia walikwenda kuwatoa watu kwenye risasi. Sisi tuliipeleka risasi walipo watu. Na siku hiyo hiyo ya Westgate, jeshi lilipoingia lilirushiana risasi na kikosi maalumu cha polisi kilichokuwa tayari ndani, na afisa wa kikosi hicho akafa kwa risasi ya upande wake mwenyewe. Hao ni watu waliofunzwa miaka, wenye sare, wenye redio. Hawakutambuana.

Mwingine alituma kwenye kundi letu video ya Marekani, ya yule kijana wa miaka 22 aliyemwangusha muuaji kwenye jengo la maduka la Greenwood, Indiana, Julai 2022. Nayo ni kweli. Alifanya ndani ya sekunde chache, kutoka mbali, na watu watatu walikuwa wameshauawa. Angechelewa wangekufa wengi. Ila anayetuma video hiyo atume na ile ya New York ya Agosti 2012, mbele ya jengo la Empire State. Askari wawili walimfyatulia mtu aliyekuwa ametoka kuua mwenzake, risasi 16. Walimpata na akafa. Wapita njia 9 walijeruhiwa, na wote 9 walijeruhiwa na risasi za askari au vipande vyake. Taasisi ya RAND ilipowachunguza polisi wa jiji hilo, kwenye ripoti yake ya 2008, iliona kwamba katika majibizano ya risasi ni kama 18 tu katika kila 100 zilizompata mlengwa. Hao ni polisi wanaolipwa kwa kazi hiyo na kufanyishwa mazoezi ya kulenga. Mwenzetu, kwa maelezo yake mwenyewe, mara ya mwisho alifyatua siku aliyokuwa anajaribiwa kupewa leseni. Tunasema hivi si kwa kumdharau. Mkono wa mtu aliyenyanyuliwa panga mbele yake unatetemeka, macho yanaona panga tu, na bati la mama lishe nyuma ya panga halionekani.

Na yeye mwenyewe aliponea chupuchupu. Doria ya polisi ilifika wakati bado ameishika. Aliiweka chini haraka na kunyoosha mikono, na tunamshukuru Mungu askari wale walikuwa watulivu. Juni 2021 kule Arvada, Colorado, raia mmoja alimuua mtu aliyekuwa ametoka kumuua askari. Askari mwingine alipofika akamkuta raia huyo ameshika bunduki ya mshambuliaji, akampiga risasi, akafa. Aliyeokoa watu alikufa kama mhalifu.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kujua risasi inaweza kufika kwa nani. Tarehe 16 Februari 2018, Kinondoni, siku moja kabla ya uchaguzi mdogo wa ubunge, polisi walikuwa wanatawanya wafuasi wa chama. Mwanafunzi wa chuo alikuwa amekaa ndani ya daladala, anakwenda kwenye mambo yake ya masomo. Risasi ilimkuta humo humo kwenye kiti. Pale hapakuwa na mtu anayejitetea na panga, ni jambo tofauti, na sisi hatulitaji ili kupata cha kusema juu ya fulani au fulani. Tunalitaja kwa sababu siku ile sote, wa chama hiki na kile, tulisema binti yule hakuwa na ugomvi na mtu. Tulisema kwa sauti kubwa. Na binti wa sukari je? Yeye alikuwa na ugomvi na nani?

Tulisema tungewaeleza na sheria, maana wapo wanaosema mwenzetu amevunja sheria na wapo wanaosema sheria inamlinda kabisa. Tumemwuliza wakili, tumesoma na sisi. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18 na vinavyokifuata mpaka 18C, inampa mtu haki ya kujitetea, kumtetea mwingine na kutetea mali. Nguvu anayotumia iwe ya kadiri inayohitajika. Akizidisha, anawajibika kwa kosa litakalotokana na hiyo ziada, na kama mtu amekufa kwa ziada hiyo, ni kosa la kuua bila kukusudia. Halafu kuna kipengele ambacho wengi hatukujua kama kipo. Kinasema, kwa maneno yetu, kwamba kama mtu anayejitetea yuko katika hali ambayo hawezi kujitetea ipasavyo bila kuhatarisha asiye na hatia, haki yake inaweza kufika mpaka kuiingia hatari hiyo.

Wazo hili ni la zamani. Lilikuwemo kwenye Kanuni ya Adhabu ya India ya mwaka 1860, ambayo ilitumika hata hapa Tanganyika kabla ya kanuni yetu ya 1930. Wale wa India waliweka na mfano: mtu amevamiwa na kundi linalotaka kumuua, hawezi kujiokoa bila kulifyatulia risasi, na ndani ya kundi wamechanganyika watoto wadogo. Akifyatua na kumdhuru mtoto, hana kosa. Waliandika watoto kabisa, hawakuficha.

Kwa hiyo inawezekana mahakama, jambo hili likifika huko, likaona mwenzetu hana kosa. Sisi hatutashangaa na tutafurahi naye. Lakini soma tena lile sharti: kama hawezi kujitetea ipasavyo bila hatari hiyo. Hana njia nyingine. Saa 12 na robo jioni ya Ijumaa, panga likiwa hewani, yamkini kweli hakuwa na njia nyingine.

Sasa tuje Alhamisi.

Alhamisi, siku moja kabla, kamati ya utendaji ilikaa. Muhtasari uko ofisini, yeyote anaweza kuja kuusoma. Ajenda ya 3 inasema kwamba kwa kuwa kuna uvumi wa wizi maeneo ya standi, mwenzetu "aombwe kumsindikiza mweka hazina akiwa na chombo chake". Mkono ulioandika "chombo" ni wa ofisi hii. Tuliandika hivyo kwa sababu tuliona haya kuandika bastola. Mtu anayeona haya kuandika kitu kwenye muhtasari alitakiwa ajiulize kwa nini.

Hakuna aliyekuwa na panga shingoni Alhamisi. Tulikuwa tumekaa kwenye viti, tunakunywa chai. Njia nyingine zilikuwepo tele. Tawi lina namba ya kupokelea malipo kwa simu tangu mwaka jana, hatuitumii kwa sababu baadhi ya wazee wanataka kuona fedha mkononi, na kwa kusema kweli kwa sababu baadhi yetu kwenye kamati tunapenda makato yasiwepo. Tungeweza kwenda kwa wakala saa 4 asubuhi. Tungeweza kugawa fedha mara tatu. Tungeweza kumwomba mkuu wa kituo askari mmoja, jambo ambalo vikoba vya mama zetu hufanya siku ya kuvunja mzunguko. Tungeweza, zaidi ya yote, kumwambia mama mweka hazina mbele ya mashahidi kwamba akikabwa aachie mkoba na hatamdai mtu hata shilingi. Hatukufanya hata moja. Tulichagua bastola, saa ya watu kurudi nyumbani, kwenye njia nyembamba kuliko zote za mtaa huu, kwa sababu ilikuwa rahisi na haikuwa na makato.

Ndiyo maana tunakataa kumpa mwenzetu cheti, na tunakataa vile vile kumwachia mzigo. Aliombwa. Yeye alikuwa na haki ya mtu aliyeshikwa ghafla. Sisi hatukushikwa ghafla. Sisi tuliamua siku moja kabla kwamba kama litatokea la kutokea, yule atakayekuwa nyuma ya bati atabeba hatari. Na huyo hatukumwuliza. Hakuwa mjumbe wa kikao.

Kuhusu kikundi cha kusindikiza na kulinda mikutano, hilo lisijadiliwe tena kwenye tawi hili. Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa ya mwaka 2019 yanakataza chama kuunda kikundi cha ulinzi cha aina yoyote. Lakini hata sheria isingekataza, jiulizeni mkutano wa hadhara wa kampeni una watu wangapi, watoto wangapi mabegani mwa baba zao. Weka humo watu sita wenye bastola viunoni. Chupa ikirushwa, mmoja akasikia mlio akadhani ni risasi, wa pili akamwona wa kwanza ametoa silaha. Tumalizie wenyewe.

Kuna ujumbe uliandikwa kwenye kundi Jumamosi usiku, tumeufuta, kwamba baba wa binti ni wa chama kingine kwa hiyo "wasitafute mtaji kwetu". Aliyeandika anajijua. Baba huyo tumekaa naye hospitali siku mbili. Hajatamka neno chama. Alichotuomba ni tumsaidie kufuatilia fomu ya PF3, maana ilikuwa na kosa la herufi kwenye jina.

Sasa lile linalohitaji jibu lenu. Gharama za binti mpaka Jumamosi ni hizi: upasuaji na kitanda Sh 780,000, dawa Sh 146,000, usafiri na chakula cha mama yake Sh 94,000. Jumla Sh 1,020,000. Kijana wa bodaboda, meno, taa, vioo na hesabu ya tajiri wake ya wiki, Sh 215,000. Zote pamoja Sh 1,235,000. Mpaka sasa zimelipwa kwa mkopo wa mifukoni mwa wajumbe wanne.

Kamati inapendekeza zilipwe kutoka michango ya paa. Fedha za ada hazitaguswa, zina migao yake ya kwenda kata na wilaya. Lakini fedha iliyochangwa kwa paa ni ya paa, hatuwezi kuihamisha kwa sababu tu tumeona vema, hata kama sababu ni nzuri. Mkutano wa Jumapili umekubali kwa kura 61 dhidi ya 17, ila kura haiwezi kutoa fedha ya mtu ambaye hakuwepo. Kwa hiyo aliyechangia paa na hataki mchango wake uhamishwe, aje ofisini kabla ya Jumamosi saa 10 jioni na risiti yake. Atarudishiwa fedha yake yote na hataulizwa sababu. Wasiokuja tutahesabu wameridhia. Wote wakiridhia, kwenye paa zitabaki Sh 117,000. Mvua za mwaka huu tutazinyeshewa.

Mwenzetu amekuja mwenyewe Jumatatu na Sh 200,000. Tumezipokea, tumempa risiti, zitawekwa kwa ajili ya kliniki zinazofuata, kwa kuwa daktari amesema mguu utahitaji mazoezi si chini ya miezi mitatu. Tunaomba asisemwe mtaani. Halali, na hataki kupita ile kona. Mchungaji na shehe wa mtaa wote wawili wamemtembelea, na wanachama wengine nao waende, waende na maneno machache.

Yaliyoamuliwa na mkutano ni kwamba kuanzia wiki hii ada na michango yote inapokelewa kwa namba ya malipo ya tawi, na makato yanalipwa na tawi. Wazee wasio na simu watalipia kwa mjumbe wa shina lao, ambaye ataweka siku hiyo hiyo mchana. Mwanachama mwenye silaha ya leseni asije nayo kwenye kikao, mkutano au shughuli yoyote ya tawi, na asiombwe na kiongozi yeyote kuja nayo, kwa jina la chombo wala kwa jina jingine. Anayeona njia ya kwenda nyumbani usiku ni ya hatari aseme, kikao kitaanza mapema. Mweka hazina, au yeyote atakayebeba fedha ya tawi, akivamiwa aachie. Barua ya maneno hayo imesainiwa na mwenyekiti na katibu, nakala amepewa mama mkononi.

Swali la mzee mmoja lilibaki bila jibu, nasi tunaliacha kama alivyoliuliza. Alisema: "Na siku wakija tena, wakamkata mama bila hata kutaka mkoba, mtasema nini?" Tulimwambia hatujui tutasema nini. Alikubali, akasema angalau tusijibu haraka.

Zamu za hospitali wiki hii: Jumatano ni shina la sokoni, Ijumaa ni umoja wa wanawake. Binti anapenda vitabu vya hadithi, na wali wa nazi ameruhusiwa. Anayetafuta ile risasi ya tatu, hasa mafundi wanaofungua paneli za magari yaliyolala standi siku ile, akiiona asiiguse, aite polisi kwanza, halafu atuambie na sisi ili tuiandike kwenye daftari.

Imetolewa na
Ofisi ya Katibu wa Tawi
kwa niaba ya Kamati ya Utendaji